Mfungwa wa Kitui aliyekalia kiti cha Jaji Mkuu, na deni ambalo dola haijalilipa

MEI 2025 maafisa katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere jijini Dar es Salaam walimzuilia mzee mmoja kutoka Kenya, kisha wakamrejesha kwao. Alikuwa amesafiri kufuatilia kesi ya uhaini iliyokuwa ikimkabili kiongozi wa upinzani nchini Tanzania, Tundu Lissu.

Mzee huyo hakuwa mgeni Dar es Salaam. Zaidi ya nusu karne kabla ya siku hiyo alisomea sheria katika mji huo huo. Ni Dkt Willy Mutunga, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Kenya kuanzia 2011 hadi 2016 na ambaye, miaka mingi kabla ya hapo, alikuwa mfungwa wa kisiasa wa serikali ya nchi yake.

Ni nadra kwa mtu aliyefungwa kwa amri ya serikali pasipo kesi kuja kukabidhiwa uongozi wa mahakama za nchi iliyomfunga. Ndiyo maana maisha ya Dkt Mutunga yanastahili kuchunguzwa zaidi ya kusifiwa. Yanauliza swali ambalo Wakenya wengi, hasa vijana walioandamana mwaka 2024 na 2025, wanajiuliza: je, kilichobadilika ni dola yenyewe, au ni sheria zilizoandikwa vitabuni tu?

Mutunga alizaliwa Juni 1947 katika Kitui, eneo kame ambalo serikali ya mkoloni ilizoea kulitazama kama chimbuko la askari na vibarua. Baba yake alikuwa fundi cherehani. Hata hivyo, Ukambani haikuwa nchi ya watiifu pekee. Mwaka 1938, Muindi Mbingu aliwaongoza wafugaji wapatao elfu mbili kutoka Machakos hadi Nairobi kupinga agizo la kupunguza mifugo yao. Serikali ilirudi nyuma kuhusu mifugo, lakini Muindi mwenyewe alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Leo barabara moja katikati ya Nairobi ina jina lake.

Hivyo basi, kumwondoa mtu miongoni mwa watu wake bila kumpeleka mbele ya hakimu ni mbinu iliyokuwa ikijulikana Ukambani kabla Kenya haijapata uhuru. Serikali huru iliirithi ilivyo, ikaipa jina jipya na vifungu vipya vya sheria.

Kitui ina kumbukumbu nyingine inayofanana na hii. Mwaka 1968 mwana wa eneo hilo, Kitili Mwendwa, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Jaji Mkuu wa Kenya. Miaka mitatu baadaye jina lake lilitajwa katika njama ya kuipindua serikali ya Mzee Jomo Kenyatta, naye akajiuzulu pasipo kushtakiwa. Mbunge wa Yatta, Gideon Mutiso, alifungwa katika sakata hiyo hiyo. Kwa hiyo Kitui imeipa Kenya majaji wakuu wawili: mmoja aliondoka kwenye kiti akiwa ametajwa kuwa adui wa dola, na mwingine aliitwa adui wa dola kwanza, kisha akaketishwa kitini.

Safari ya Mutunga kuelekea huko ilianzia Mlimani. Alipata shahada yake ya kwanza ya sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1971 na ya pili mwaka 1974. Huo ulikuwa wakati ambapo chuo hicho kilikuwa jiko la fikra za ukombozi wa bara zima. Walter Rodney alikuwa akifundisha historia hapo, na kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka mwaka 1972. Yoweri Museveni alikuwa amehitimu muda mfupi kabla, na Issa Shivji alikuwa akiandika kuhusu matabaka ya jamii. Hata huko uhuru ulikuwa na mipaka: jarida la wanafunzi wa mrengo wa kushoto, Cheche, lilipigwa marufuku mwaka 1970.

Fundisho la Mlimani lilikuwa kwamba sheria haielei hewani. Sheria huandikwa na wenye nguvu, na swali la kwanza la mwanasheria ni nani ananufaika nayo. Mutunga alirudi nyumbani na swali hilo, akafundisha sheria ya katiba katika Chuo Kikuu cha Nairobi.

Mafundisho hayo yalikuja kujaribiwa upesi. Mwishoni mwa 1977 mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, mhadhiri mwenzake, alitiwa kizuizini. Aliachiliwa Desemba 1978, Rais Daniel arap Moi alipowafungulia wafungwa wote wa kisiasa wa mtangulizi wake, lakini chuo hakikumrejesha kazini. Chama cha wafanyakazi wa chuo, ambacho Mutunga alikuwa katibu mkuu wake, kilidai arejeshwe. Mwaka 1980 serikali ilikipiga marufuku chama hicho.

Miaka miwili baadaye mambo yalichacha. Mapema Juni 1982 Bunge lilipitisha marekebisho ya Katiba yaliyoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kisheria. Wahadhiri walikuwa tayari wakisakwa, na kijarida cha siri, Pambana, kilikuwa kikisambazwa mitaani. Mutunga alikamatwa tarehe 10 mwezi huo. Alishtakiwa kwa kupatikana na kijikaratasi cha uchochezi kilichohusu kumbukumbu ya J.M. Kariuki, mbunge aliyeuawa mwaka 1975. Kesi hiyo haikufika mwisho. Badala yake alitiwa kizuizini.

Hakuwa peke yake. Katika kipindi hicho walizuiliwa pia wasomi Al-Amin Mazrui, Edward Oyugi, Kamoji Wachira na Mukaru Ng'ang'a, pamoja na mwanasiasa George Anyona na hata wakili wake, John Khaminwa. Mwanahistoria Maina wa Kinyatti alifikishwa mahakamani na kuhukumiwa miaka sita. Jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982 lilipotokea, wengi wa hawa walikuwa tayari ndani. Hilo linafaa kukumbukwa, kwa maana baadaye serikali ilizoea kueleza ukandamizaji wake wote kuwa jibu la mapinduzi yale. Ukandamizaji ulitangulia mapinduzi.

Ni muhimu kuelewa jinsi kizuizi hicho kilivyofanya kazi. Kwa mujibu wa Sheria ya Kulinda Usalama wa Umma na Katiba ya wakati huo, aliyezuiliwa alipaswa kupewa sababu kwa maandishi ndani ya siku tano. Jina lake lilipaswa kuchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali ndani ya siku 14. Jopo maalumu lilipaswa kuipitia kesi yake ndani ya mwezi mmoja, na kila baada ya miezi sita. Ukisoma maandishi hayo utadhani mfungwa alikuwa na kinga ya kutosha.

Lakini jopo lilitoa ushauri tu, na serikali haikulazimika kuufuata. Sababu zilizoandikwa zilikuwa za jumla mno kiasi kwamba hapakuwa na cha kujibu. Hapakuwa na kifungo chenye mwisho, na hilo, kwa maelezo ya wengi waliopitia hali hiyo, ndilo lililokuwa zito kuliko chakula kibovu na upweke. Mwizi hujua siku yake ya kutoka. Mfungwa wa kizuizini huamka kila asubuhi bila kujua kama amebakiza siku moja au miaka kumi.

Mutunga alikaa humo miezi 16, akaachiliwa Oktoba 20, 1983. Kazi ya ualimu chuoni ilikuwa imekwenda. Miaka iliyofuata alikwenda Canada, akaendelea na masomo hadi uzamifu katika Chuo Kikuu cha York.

Aliporudi katika harakati, miaka ya tisini ilikuwa imefungua mlango wa vyama vingi. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Tume ya Haki za Kibinadamu ya Kenya (KHRC), shirika lisilo la serikali, mwaka 1992, na kati ya 1993 na 1995 aliongoza Chama cha Wanasheria wa Kenya (LSK). Hapo ndipo njia yake ilipokutana na ya Prof Kivutha Kibwana.

Kibwana anatoka Makueni, sehemu iliyokuwa ndani ya wilaya ya Machakos hadi ilipopewa wilaya yake mwaka 1992. Naye pia alikuwa mhadhiri wa sheria Nairobi. Mwaka 1997 alikuwa msemaji wa Baraza Kuu la Kongamano la Kitaifa, NCEC, lililoitisha maandamano ya Saba Saba na Nane Nane chini ya kaulimbiu kwamba pasipo mageuzi hapatakuwa na uchaguzi. Watu kadhaa waliuawa na polisi.

Matokeo yake yalikuwa nusu mkate. Wabunge wa Kanu na wa upinzani waliketi pamoja katika mpango ulioitwa IPPG, wakawaacha wanaharakati nje ya mlango, wakakubaliana kuhusu mageuzi madogo. Kati ya hayo, kosa la uchochezi liliondolewa katika sheria, na mamlaka ya kumzuilia mtu bila kesi yakafutwa. Katiba mpya haikupatikana. Ingesubiri hadi Agosti 27, 2010.

Waliokejeli IPPG walikuwa na haki, lakini kifungu kilichomfunga Mutunga kilikufa hapo. Mtu wa Kitui alikuwa ameishi kuiona sheria iliyomweka ndani ikifutwa, na watu wa barabarani ndio walioisukuma.

Mwaka 2011, Tume ya Huduma za Mahakama ilipowahoji hadharani waliotaka kuwa Jaji Mkuu chini ya Katiba mpya, wengi walishughulishwa na kipuli cha sikioni mwa Mutunga kuliko historia yake. Alieleza kuwa asingekivua hata kama kingemkosesha kazi. Aliapishwa Juni 20 mwaka huo.

Alikuta taasisi ambayo yeye mwenyewe, katika ripoti yake ya kwanza kwa wananchi, aliieleza kuwa dhaifu katika muundo, yenye uchache wa fedha na iliyopoteza kujiamini. Aliondoa wigi za majaji. Chini ya sheria mpya, bodi huru iliwachunguza majaji na mahakimu wote, na Aprili 2012 majaji wanne wa Mahakama ya Rufaa walitangazwa kutofaa kuendelea. Desemba 2012, Mahakama ya Juu iliposema kanuni ya thuluthi mbili ya kijinsia bungeni inaweza kutekelezwa polepole, Jaji Mkuu alipingana na wenzake akisema Katiba ilitaka itekelezwe mara moja. Zaidi ya mwongo mmoja baadaye kanuni hiyo bado haijatimizwa bungeni.

Februari 2013 alitangaza hadharani kwamba alikuwa ametumiwa barua ya vitisho, na kwamba afisa wa uhamiaji alijaribu kumzuia kusafiri akidai hana kibali. Jaji Mkuu aliyezuiwa uwanja wa ndege wa nchi yake ni ishara kwamba kiti ni kimoja na mamlaka ni mengine.

Mtihani mkubwa ulikuja mwezi uliofuata. Raila Odinga, pamoja na mashirika ya kijamii, walipinga ushindi wa Uhuru Kenyatta. Mahakama ilikataa ushahidi wa ziada wa mamia ya kurasa kwa sababu uliwasilishwa kwa kuchelewa. Machi 30 majaji sita kwa kauli moja waliidhinisha matokeo.

Baadhi ya waliolalamika zaidi walikuwa wanaharakati, watu ambao Mutunga alitembea nao miaka ya tisini. Waliona kwamba mtu aliyefundishwa kuuliza sheria inamnufaisha nani alikuwa amejificha nyuma ya kanuni za muda. Waliomtetea walisema jaji si mwanaharakati, na kwamba siku 14 za Katiba hazina huruma kwa yeyote. Hoja zote mbili zina uzito. Lililo wazi ni kwamba Septemba 1, 2017, mahakama hiyo hiyo, sasa chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilifuta uchaguzi wa urais kwa mara ya kwanza Afrika. Haielekei kuwa mahakama ya mwaka 2010 ingethubutu.

Mutunga aliondoka mapema, Juni 2016, ili mrithi wake apate muda wa kujiandaa kwa uchaguzi. Miezi michache kabla, katika mahojiano na gazeti la Uholanzi, alikuwa ameuita uchumi wa Kenya kuwa wa majambazi, akieleza jinsi magenge ya ufisadi yalivyoshikamana na wanasiasa na wafanyabiashara. Yalikuwa maneno mazito kutoka kwa mkuu wa mhimili mzima wa dola. Pia yalikuwa ungamo kwamba mhimili huo pekee haukuwa na nguvu ya kuyavunja.

Wakati huo huo, Makueni ilikuwa ikijaribu njia nyingine. Kibwana, aliyekuwa gavana wa kwanza wa kaunti hiyo kuanzia 2013, aligundua haraka kwamba ugatuzi nao una mapambano yake. Septemba 2014, mgogoro wake na madiwani ulifikia ufyatuaji risasi katika afisi za kaunti mjini Wote, watu kadhaa wakajeruhiwa. Tume iliyochunguza ilipendekeza kaunti ivunjwe ili wananchi wachague upya. Rais Kenyatta alikataa. Kibwana alichaguliwa tena 2017, na anakumbukwa zaidi kwa mabaraza ya wananchi ya kupanga miradi kuanzia vijijini na kwa bima ya afya iliyoitoza kila familia shilingi 500 kwa mwaka.

Mwana wa tatu wa kizazi hicho ni Prof Makau Mutua, naye wa Kitui, aliyelazimika kukimbilia Tanzania akiwa mwanafunzi mwaka 1981. Mwaka 2025 aliteuliwa kuwa mshauri wa Rais William Ruto kuhusu masuala ya katiba. Agosti mwaka huo alikabidhiwa uratibu wa mpango wa kuwafidia waathiriwa wa maandamano tangu 2017, mpango ambao Mahakama Kuu iliusimamisha mwezi uliofuata.

Mmoja aliingia mahakamani, wa pili akaingia kaunti, wa tatu akaingia Ikulu. Wote watatu walitoka katika kizazi kilichoteswa na dola, na wote waliamua kwamba dola inaweza kurekebishwa kutoka ndani. Je, imerekebika?

Kuna ushahidi wa kusema ndiyo. Julai 2010 Mahakama Kuu iliwaamulia fidia watu 21 walioteswa katika Jumba la Nyayo. Februari 2015 mahakama hiyo ilifuta vifungu vinane vya sheria ya usalama iliyopitishwa kwa fujo bungeni miezi miwili kabla. Katiba sasa inataka anayekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na inakataza kabisa mateso katika hali yoyote ile.

Lakini upo ushahidi wa upande wa pili. Baada ya vijana kuingia katika majengo ya Bunge Juni 25, 2024 wakipinga Mswada wa Fedha, watu walianza kutoweka. Kufikia mwishoni mwa Desemba mwaka huo, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu visa 82 vya utekaji, na watu 29 walikuwa hawajulikani waliko. Polisi walikana kuhusika. Mei 2025 Rais Ruto alisema wote waliotekwa walikuwa wamerejeshwa kwa familia zao.

Hapa ndipo ulinganisho na mwaka 1982 unapotisha. Dola ya Moi ilimfunga Mutunga kwa dhuluma, lakini iliandika jina lake. Familia ilijua ni nani anayemshikilia. Palikuwa na amri, tarehe na sahihi, na kwa hiyo palikuwa na mtu wa kulaumiwa na karatasi ya kupeleka mahakamani siku moja. Katiba ya 2010 ilipoifunga njia hiyo ya wazi, mazoea hayakufa; yalivua sare. Aliyetekwa mwaka 2024 hakuachiwa karatasi yoyote.

Njia ya pili ni ya mahakamani. Baada ya maandamano ya Juni 2025, vijana wengi walishtakiwa kwa Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012, iliyotungwa kwa ajili ya walipuaji mabomu. Julai mwaka huo mwanaharakati Boniface Mwangi alikamatwa nyumbani kwake Lukenya, kaunti ya Machakos, kwa tuhuma za kusaidia ugaidi. Alipofikishwa kizimbani, shtaka lilikuwa la kupatikana na risasi isiyo na kichwa pamoja na mikebe ya gesi ya kutoa machozi. Kosa la uchochezi lilifutwa mwaka 1997, lakini kazi lililokuwa likiifanya imepata kosa jingine la kuifanya.

Viongozi wa Kenya hupenda kusema kwamba yaliyopita si ndwele. Msemo huo ungefaa kama ndwele yenyewe ingekuwa imetibiwa. Wengi wa waliozuiliwa miaka ya themanini walilipwa baada ya kuhangaika mahakamani miongo kadhaa, wengine wakafa wakingoja, na hakuna afisa mkuu aliyefungwa kwa yaliyotendeka Jumba la Nyayo. Anayemteka kijana leo amesoma historia hiyo pia, na amejifunza kwamba bili ya dhuluma hutumwa kwa mlipa kodi, wala si kwa mtenda dhuluma.

Deni linalodaiwa, basi, si fidia peke yake. Ni kuhakikisha kwamba afisa anayetoa amri ya kumchukua mtu usiku atajulikana kwa jina, atashtakiwa yeye binafsi, na atalipa kutoka mfukoni mwake. Katiba haihitaji kuandikwa upya ili hilo lifanyike. Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma ina mamlaka hayo, Mamlaka Huru ya Kuangalia Utendakazi wa Polisi ipo tangu 2011, na mahakama ambazo Mutunga alisaidia kuzijenga ziko wazi.

Mfungwa mmoja wa Kitui alifika kileleni mwa mahakama, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini nchi haipimwi kwa mfungwa mmoja aliyepanda. Itapimwa siku ambayo mmoja wa waliomfunga mtu kama yeye atasimama kizimbani na kuulizwa ni nani aliyempa ruhusa.